Siku Tulizokuwa Watu wa Bukoba

Igogo, Mwanza

Mwanangu Nyangeta,

Uko kwa Mama Rehema unasukwa, nami nimekaa kwenye cherehani yangu nikiwa na kalamu mkononi badala ya mkasi. Umetaka zile nywele ndogondogo, kwa hiyo najua nina muda. Nikimaliza nitaipenyeza karatasi hii ndani ya sweta lako, maana kuelekea Mbeya kuna baridi na sweta utalitafuta ukiwa bado ndani ya basi. Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitazigusa. Hizo nimekupigia kelele tangu uko chekechea, na kama hazijaingia mpaka leo, basi tena.

Nataka tuongee juu ya neno ulilosema Jumapili. Nilikuuliza nimpigie nani kumwambia kwamba unahamia Mbeya. Ukaacha kula, ukaniambia, "Mama, naomba usimwambie ndugu hata mmoja. Nataka nikae mahali ambapo hakuna anayenijua. Kama ile likizo yetu ya Ukerewe. Unakumbuka tulivyokuwa na raha?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikainuka, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Najua unakimbia nini. Harusi imevunjika kadi zikiwa zimeshagawiwa, na ukoo mzima umegeuka mahakama. Waliokuwa wanagombania kukaa meza ya mbele siku ya sendofu ndio hao hao wanaouliza kwa sauti ya huruma kama labda kuna kitu ulificha. Mimi mwenyewe nimeshindwa kwenda jumuiya kwa ajili ya macho yao. Kwa hiyo kazi ya maabara imekuja wakati wake, nenda. Sikuzuii. Hata ningekuzuia usingekubali, umerithi kichwa cha baba yako. Lakini ile likizo umeibeba mwilini mwako kama dawa, na mimi niliyekuwepo nikiwa mtu mzima najua kilichokuwa ndani yake. Naogopa, Nyangeta. Angalia mwandiko wenyewe.

Wewe ulikuwa darasa la pili, kaka yako Magesa darasa la tano. Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa amemchomelea geti mtu mmoja mwenye uwezo kule Capri Point, akarudi nyumbani na neno jipya. Likizo. Kwetu likizo ilikuwa ya watoto wa shule; mtu mzima alisafiri kwenda kwenye msiba, harusi, au kuuguza. Yule mwenye geti alimwambia kwamba kila mwaka anachukua mke na watoto wanakwenda mahali kukaa tu. Baba yenu akawa anarudia, "Kukaa tu, Mama Magesa. Wanakaa tu!" Nikamuuliza, sawa, sisi tutakwenda kukaa wapi? Akawaza jioni nzima, fundi mwenye akili zake timamu, akaja na jibu: Ukerewe. Nilicheka mpaka nikakosea mshono. Mtu anataka kupumzika, anakwenda kwao waliko ndugu wote!

Lakini nilimwelewa. Alitaka muogelee pale alipoogelea yeye. Hakujua maji mengine. Alichokuwa amekichoka ni kufika kwao Ukerewe, kijijini Bukindo, kama mtoto wa mjini, akavuliwa viatu na kukalishwa kwenye vikao: paa la huyu, ng'ombe wa yule, ugomvi wa mpaka wa shamba. Na mimi kule nilikuwa mke wa ukoo. Niliamka kabla ya kuku, nikafagia uwanja, nikapika, na kwa kila nyumba tuliyoingia ilibidi tule, tukikataa tumenuna. Walikuwa wanatupenda, sitasema uongo. Walitupenda mpaka tunarudi Mwanza tumekonda.

Basi tukapanga kwenda Ukerewe na kulala gesti, bila ndugu kujua. Umekulia mjini, labda hujui uzito wa hilo. Kulala gesti mahali ambapo dada yako wa tumbo moja ana nyumba na kitanda ni kumtangazia dunia kwamba nyumba yake inanuka. Tulilijua hilo. Baba yenu akavaa miwani myeusi na kofia. Mimi, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, nikaazima baibui kwa Mama Rehema, ambaye alinifunga mtandio huku akicheka hadi machozi. Na nyie tukawakalisha kitandani tukawafundisha: mkiulizwa ni watoto wa nani, semeni sisi ni wa Bukoba. Mkafurahi kweli. Magesa alirudia kwa sauti nzito, wewe ukarudia nyuma yake.

Meli haijang'oa nanga, mtu akampiga baba yenu begani. "Mafuru! Unakwenda nyumbani?" Na kofia yake yote na miwani yake yote! Baba yenu akajibu, "Hapana, napita tu." Anapita kwenda wapi, na meli mwisho wake ni Nansio, Ukerewe kwenyewe? Hapo ndipo mtu mwenye busara angeshuka. Sisi tulishikwa na kicheko, tukaenda kujificha upande wa pili, mimi nikiwa nimeuma mtandio wa watu.

Na raha, ilikuwepo. Nisije nikaonekana mama mnoko anayekunyang'anya hata hiyo. Nakumbuka asubuhi ya kwanza nilivyoamka jua limeshaingia dirishani, na msichana wa gesti akagonga akaleta chai, mayai na chapati kwenye sinia. Nilikaa kitandani sijui mikono niiweke wapi. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniletea chai nikiwa nimelala, isipokuwa nikiwa mgonjwa. Nakumbuka baba yenu ufukweni amevua shati, ana makovu ya cheche mikononi mpaka kwenye viwiko, amekulaza juu ya maji na kiganja chake chini ya mgongo wako, anakwambia, "Legea. Legea, mama, maji yanakushika." Ukalegea. Akaondoa mkono na hukujua. Mimi niliingia ziwani na gauni langu la kulalia, nikapiga kelele mpaka wavuvi waliokuwa wanaanika dagaa wakasimama kunitazama. Sijawahi kuwa mke mwenye furaha namna ile, kabla wala baada. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulisema.

Siku ya soko tulikwenda kununua machungwa. Unakumbuka machungwa, umeniambia mara nyingi. Hukumbuki vizuri aliyekuwa anayauza, kwa sababu ulikuwa umeshapewa moja la kuonja kwenye meza nyingine na uso wote ulikuwa ndani ya chungwa.

Alikuwa Shangazi Veronika. Hakuwa na kawaida ya kuuza sokoni; alikuwa amemshikia jirani yake kwa muda. Magesa alikuwa mbele yetu. Na Shangazi Veronika kwa Magesa hakuwa shangazi tu. Nilipojifungua kaka yako niliugua, nikawa sijijui kwa muda mrefu, na yeye ndiye aliyekuja akamchukua, akamlea Bukindo mpaka akaanza kutembea. Neno "mama" Magesa alimwita yeye kwanza. Kwa hiyo alipomwona, aliinuka mikono imefunguka, akaita, "Magesa! Magesa wangu!"

Kaka yako akamtazama usoni. Akasema, "Umekosea, mama. Sisi wa Bukoba."

Nilikuwa nyuma yake hatua chache. Baba yenu alikuwa ubavuni mwangu, ameshusha kofia. Yule mama akainua macho, akamtazama mwanamume mwenye miwani, akanitazama mimi kwenye baibui, akashuka mpaka kwenye miguu yangu, na miguu yangu anaijua, ameiosha nikiwa mgonjwa. Kulikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusema, "Wifi, shikamoo, tusamehe, tunatania." Tukanyamaza wote wawili. Naye akakaa chini taratibu, akasema, "Basi karibuni Ukerewe, watu wa Bukoba." Akamjazia Magesa machungwa kwenye mfuko, mengi kuliko tuliyolipia, kama mtu anavyompa mgeni.

Tulipofika gesti baba yenu akamnunulia Magesa soda. Akampa mkono kama mtu mzima, akamwambia, "Mwanaume kweli wewe, hukutetereka." Mimi nikacheka. Nilicheka, Nyangeta, kwa woga uliokuwa unanitoka, na mtoto akaona tumefurahi naye. Baada ya hapo ikawa hadithi ya nyumba hii. Kila Krismasi lazima mmoja aseme kwa sauti nzito, "Sisi wa Bukoba," na wengine wote tudondoke kwa kucheka. Wewe umeikuta ni utani. Umekua nayo kama utani.

Shangazi yako hakuwahi kuitaja. Alipokea simu zetu, alituma karanga, aliuliza mitihani yenu. Mpaka baba yenu alipolazwa mara ya mwisho. Alivuka kuja kumuuguza kaka yake, nami nikatandika kitanda chako, nikapika samaki, nikamsubiri. Jioni akatoka wodini, akaniambia kwa upole kabisa, "Wifi, nimepata gesti hapa jirani. Sitaki kuwasumbua." Akalala gesti siku zote hizo, mtu mwenye ndugu Igogo. Nilimwambia baba yenu nikidhani atapunguza maumivu kwa kucheka kidogo. Akageukia ukutani. Alilia, na hakuwa na nguvu ya kulia.

Hayo unaweza kusema ni mambo ya wakubwa, yamepita. Sasa nikwambie la Magesa, ambalo nimelificha kwako na kwa kila mtu.

Unajua alivyoondoka baada ya kumzika baba. Karakana ya baba yenu ilimshinda, wateja wakakimbia, na kila ndugu aliyepita alimuuliza kwa nini baba yake aliweza na yeye hawezi. Akasema anakwenda kutafuta maisha, akifanikiwa atarudi. Mwanzo alipiga simu. Halafu akawa anapiga mara moja moja. Halafu namba ikawa haipatikani. Na mimi nilifanya nini? Ndugu walipouliza, nilisema, "Yuko Dar, anaendelea vizuri, kazi nyingi tu." Niliona aibu. Nilisema mwanangu yupo ili wasiseme mwanangu ameshindwa. Hata wewe nilikwambia huwa anapiga ukiwa chuo. Hakuwahi kupiga. Ukoo wote ule, wenye midomo, wenye simu, wenye watoto kila mkoa, hakuna hata mmoja aliyemtafuta Magesa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba amepotea. Nimemficha mwanangu kwa watu pekee ambao wangeweza kumwona.

Na kila siku ya Mungu, mtu akija na sketi ya kupunguza kiuno, anasimama mlangoni anaita, "Mama Magesa!" Ninaitika. Ninaitika kwa jina la mtoto nisiyejua amekula nini.

Mwaka jana wakati wa mvua, Kulwa wa nyumba ya tatu, yule dereva wa malori aliyecheza mpira na kaka yako hapo uwanjani miaka yote, alikuja kunisalimia. Ametoka safari ya Zambia. Akaniambia, "Mama Magesa, shikamoo. Nilipokuwa Tunduma nimeona mtu anafanana na Magesa jamani, ningeapa ni yeye. Anapakia mizigo. Nikamwita, 'Magesa, mzee!' Akageuka kabisa. Halafu akaniambia, umekosea kaka, mimi wa Bukoba." Kulwa akacheka, akatikisa kichwa. "Duniani wawili wawili, mama." Alinieleza hayo kama ushahidi kwamba hakuwa yeye.

Nilimpa chai. Nilimuuliza habari za mke wake. Alipotoka nilifunga mlango, nikakaa sakafuni hapa penye vipande vya vitambaa, nikajiziba mdomo na kimojawapo ili Mama Rehema asisikie.

Sasa unanielewa? Ule mchezo kaka yako aliusomea kwetu. Siku ya soko alijifunza kwamba mtu anayekupenda akikuita ukiwa umejificha, unamtazama usoni na kumkana, na wazazi wako wanakununulia soda. Alipofika mahali pa aibu alikuwa na silaha tayari, na waliompa ni sisi. Na Jumapili wewe umeniambia kwa mdomo wako, ukiwa unatabasamu kwa mara ya kwanza tangu harusi ivunjike, kwamba unataka kuishi namna ile. Na unakwenda Mbeya, ambako ukipanda gari asubuhi unaingia Tunduma jua halijawa kali. Nimebaki na wewe mmoja ambaye nikipiga simu anapokea. Sina mwingine, na sitajifanya jasiri mbele yako.

Sikutumi kumtafuta. Kama macho yako yatamwona, ni Mungu. Lakini usiifanye ile likizo kuwa maisha. Ilikuwa tamu kwa sababu tulikuwa wanne, tumejificha pamoja, na mkono wa baba yako ulikuwa chini ya mgongo wako. Kujificha peke yako sikujui, lakini nimeona kunakokwenda. Hao ndugu zako wanachosha, wana maneno, wengine ningewaziba midomo kwa mkono wangu. Wakae mbali na wewe mwaka mzima ukitaka, mimi nitawajibu. Ninachokuomba ni mtu mmoja tu ajue mlango wako uko upande gani.

Na sasa ukasirike, kwa sababu ahadi ya Jumapili nimeivunja. Leo mchana nimempigia Shangazi Veronika. Nilimwamkia, akaitikia, nikashindwa kuendelea. Akauliza, "Wifi, nani amekufa?" Nikamwambia hajafa mtu. Nikamweleza yote, kuanzia sokoni. Nikamweleza Dar niliyoizua, na Tunduma, na wewe unavyotaka kuondoka kimyakimya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Gesti sikuichukia. Kila mtu anachoka, hata mimi nimewahi kutamani kulala kwa watu nisiowajua. Na mtoto sikumkasirikia, najua mtoto amefundishwa. Ninyi wakubwa mlikuwa mmesimama pale. Mmoja wenu angeniita tu." Nikalia kwenye simu kama mtoto. Yeye hakulia. Akauliza, "Huyu wa kike basi lake linafika saa ngapi?"

Nilikuwa nimesahau kwamba mwanawe, Masatu, ana duka la vipuri vya pikipiki Mbeya. Huenda humkumbuki, mlionana kwenye mazishi ya baba. Mrefu, mweusi, anapepesa jicho moja akiongea. Na Magesa, shangazi yako amesema nimwachie yeye, kesho anaanza kupiga simu kwa kila mtoto wa ukoo aliyeko njia ile. Sikuweza hata kumshukuru vizuri.

Masatu atakuwa stendi basi lako likiingia. Hajaambiwa akupeleke kwake, wala hatakuuliza habari za harusi. Ameambiwa aone kwamba umeshuka, basi. Ukiwa umechoka, umenuna, hutaki sura ya mtu wa kwetu, mpite, sitakulaumu. Lakini ninavyowajua watoto wa Veronika hatavumilia, atakuita. Atasimama katikati ya wapiga debe wote wale na kuita "Nyangeta!" kwa sauti ya kutia aibu, na watu watageuka.

Mwanangu, nakupigia magoti na hunioni. Akikuita, itika.

Mama yako